Hodi Tatu za Nchi ya Barafu

Sogeeni jamani, na anayesinzia nimwone! Hii ni ya kaskazini, ambako mate huganda kabla hayajafika chini. Nilikaa huko siku mbili, nikarudi na nusu ya pua; ndiyo hii mnayoicheka.

Machano, muuza karafuu, alikuwa akiivuka nyika ile peke yake. Bibi kizee mmoja akampa kaa la moto la ajabu. "Mjukuu wangu, jifungie katika kibanda kile cha wasafiri. Mlango usipofunguliwa, kaa halizimiki. Zimwi Baridi atakuja na sauti za watu. Usimkaribishe."

Dhoruba ya theluji ikaja, Machano akajifungia.

"Hodi! Mwanangu, ni mama yako." Akauma shuka.

"Hodi! Mume wangu, nakufa!" Akalia, hakujibu.

"Hodi! Ndugu, nimeona mwanga, nimekuletea kuni."

Machano, ambaye tangu azaliwe hadi siku hiyo hakuwahi kunyamazia hodi, akacheka kwa uchungu. "Nenda zako, zimwi! Umeishiwa na jamaa zangu?"

"Zimwi gani, bwana? Fungua, vidole vimekufa!"

Hakufungua.

Dhoruba ilipotulia, akatoka. Mtu asiyemjua alikuwa ameegemea ukuta, amekauka, mkono bado uko juu, mzigo wa kuni mgongoni. Na mlango aliotokea ulikuwa wazi, kaa ndani linafifia.

"Niwie radhi, ndugu yangu," akasema.

Kisha akapiga magoti, akamfungua mgongoni zile kuni, akaziwasha, akaota moto. Ndizo zilizomrudisha kwao hai.

Nimeitua hapa; atakayeweza kuibeba, aende nayo.