Vyura wa Chemchemi ya Juu

"Hata mkono wa huruma hunawa." Mama yenu alimwambia hivyo mjomba wenu jana, alipotoka kumtazama mgonjwa wa kifaduro akataka kumpakata kichanga moja kwa moja. Nanyi mkacheka! Mnacheka nini? Methali hii ilianza hapahapa kijijini, na aliyeitamka kwanza ni dada yangu Mwajabu. Tena alinitamkia mimi.

Zamani chemchemi zetu zilijaa vyura wadogo. Wakianza kulia, sisi wanawake tulijua masika yamekaribia, tukatoa mbegu za maharage. Chemchemi ya Mwajabu ilikuwa ng'ambo ya kilima. Hii ya huku niliitunza mimi.

Mwaka mmoja vyura wake wakaanza kufa. Walikaa juani mchana kutwa, ngozi inabambuka, ukiwagusa hawaruki. Basi Mwajabu, mtu wa kumhurumia hata sisimizi, akawaokota waliobaki, akawatia ndooni, akavuka nao kilima.

"Tunu, nisaidie. Hapa kwako watapona."

"Wanaumwa nini, dada?"

"Sijui."

"Basi tusiwatie humu. Tuwaweke kwenye beseni kwanza, tuwaangalie."

"Lo! Una roho ngumu wewe! Viumbe wanakufa, unaniletea maswali?"

Alikuwa mkubwa wangu, nikanyamaza. Akawamimina chemchemini. Kunyamaza kule kunaniuma mpaka leo.

Masika yaliyofuata palikuwa kimya pande zote mbili. Akaja mtaalamu wa wanyamapori, akapima vyura waliokufa. Akatueleza kwamba ni ukungu, yaani kuvu, hauonekani kwa macho, unashambulia ngozi; na chura hunywa na kupumua kwa ngozi hiyohiyo. Ukungu wenyewe husafiri na maji, tope, hata ndoo mbichi.

"Kwa hiyo ni mimi niliyewaletea wa huku?" Mwajabu akauliza.

Mtaalamu akainamisha kichwa. "Hukujua, mama."

Dada yangu alilia siku nyingi. Chakula tulimbembeleza.

Ilibaki chemchemi moja tu yenye vyura, ile ya juu msituni. Mwajabu akaanza kwenda kukaa kwenye njia yake kila alfajiri. Hakuna aliyepita bila kuosha mikono na miguu kwa sabuni, na ndoo ilianikwa juani mpaka ikauke kabisa. Watu wakasema amerukwa na akili. Hakujali.

Siku moja nikaenda mimi. Nilitaka vyura wachache tu, niwarudishe kwetu wazaane. Nilikuwa na hamu ya kuwasikia, wacha niseme kweli.

"Hiyo ndoo imetoka wapi?" akaniuliza.

"Nyumbani, dada."

Akatia mkono ndani. "Mbichi. Rudi nayo."

"Mimi? Mdogo wako wa tumbo moja? Nataka kuwaokoa!"

Akasimama katikati ya njia, machozi yanamtoka, lakini hakunipisha.

"Na mimi nilikuja kwako kuokoa, Tunu. Wewe ulininyamazia. Mimi sikunyamazii. Maji yale bado yana ugonjwa, na ndoo yako imetoka humo. Hata mkono wa huruma hunawa."

Nilirudi nimekasirika, sikuzungumza naye mwezi mzima. Sasa Mwajabu yuko kaburini, Mungu amrehemu, na masika yakifika vyura wa juu wanalia, sauti inashuka mpaka uani kwangu. Husimama nikawasikiliza. Kuwafuata, siwafuati.

Hata mkono wa huruma hunawa, wanangu.