Njiwa wa Mzee Nufaili na Toba ya Dhakwani

Wametuhadithia waliotutangulia, Mwenyezi Mungu awarehemu, kwamba katika mtaa mmoja wa mji wa Kufa, huko Iraki, alikuwako mjane mchamungu akiitwa Bi Hunaida, mwokaji wa mikate. Alikuwa mwanamke wa saumu na sala nyingi, mwenye mikono mizito na ulimi mwepesi, na nyumba yake haikukosa vijana watatu wanne walioshindikana kwao. Kadhi wa mji alimkabidhi vijana hao kwa siku arubaini badala ya kuwatia gerezani. Siku zikitimia, kijana husimama mbele ya Kadhi, na majirani wawili waadilifu humshuhudia kwamba ametengenea. Akikosa hata mmoja wa hao wawili, anakwenda gerezani.

Bi Hunaida alilijua gereza hilo. Mwanawe wa pekee alifia humo akiwa na miaka kumi na sita, kwa kosa la kuiba zulia. Hakupenda kulizungumza, lakini kila kijana aliyepelekwa huko ilikuwa kama anazikwa mwanawe upya, na moyo ulimuuma vilevile.

Alikuwa na utaratibu wake. Alfajiri, wakishasali, vijana hukanda unga mpaka mabega yawaume. Adhuhuri hula naye sinia moja, wala hakuna anayeulizwa ya nyuma huku anatafuna. Na kila baada ya Alasiri, kijana hutaja kitu kimoja alichomdhulumu mtu, kisha kesho yake akirudishe kwa mwenyewe na kuomba radhi. "Toba bila kurudisha haki za watu," alikuwa akiwaambia, "ni mkate usiotiwa tanurini. Haya, nani ataula?"

Basi akaletewa Dhakwani, kijana wa miaka kumi na mitano, mwizi wa njiwa. Juma la kwanza alitoroka mara mbili, na mara zote mbili akarudishwa na njaa. Juma la tatu akawa wa kwanza kuamka. Kufikia juma la sita alikwisha kurudisha njiwa kumi na wanane, kuku wawili, na kilemba kimoja ambacho yeye mwenyewe hakukumbuka alikichukua cha nini.

Siku ya thelathini na nane, baada ya Alasiri, Dhakwani aliinamisha kichwa.

"Bado mmoja, Bibi."

"Wa nani?"

"Njiwa mweupe wa Mzee Nufaili."

Bi Hunaida akaketi juu ya gunia la unga bila kulitazama.

Mzee Nufaili alikuwa mtu mwema, mwenye kusali safu ya mbele. Miaka miwili nyuma, mwezi ambao mahujaji huondoka, njiwa wake mweupe mwenye manyoya miguuni alitoweka. Mzee akasema msikitini, "Labda ameelekea Makka." Watu walipoyasimulia maneno hayo wakaiacha ile "labda", naye hakuirudisha. Tangu hapo mtaa mzima ulimwita yule njiwa Hajiya. Akina mama walikuja kuomba manyoya yaliyobaki bandani wawafukizie watoto, na kila Ijumaa mzee alieleza jinsi ndege huyo alivyoaga kwa macho. Mwaka wa pili ndege alikwisha kuaga kwa machozi.

"Yuko wapi sasa?" akauliza Bi Hunaida.

"Kwa muuza kuku wa mtaa wa pili. Amenenepa, Bibi. Ana makinda."

Bi Hunaida akaleta istighfari. Mashahidi waliokubali kumsimamia Dhakwani walikuwa wawili tu, mwadhini na Mzee Nufaili; majirani wengine walikwisha kuapa kwamba hawamshuhudii mwizi wa njiwa hata akiota mbawa. Mzee akifedheheka, shahidi wa pili hakuna.

"Mwanangu," akasema kwa sauti aliyoitumia kwa wateja wakubwa, "zimebaki siku mbili. Mzee ana... yaani, ana shughuli nyingi. Tungemsubiri atoe ushahidi kwanza, kisha tumwendee kwa utulivu. Subira ni katika imani."

"Ulisema anayeahirisha haki ya mtu anaiiba mara ya pili."

"Nilisema hivyo?"

"Siku ya nne, Bibi. Ukanipiga na mwiko."

Bi Hunaida alimtazama kijana yule, akaona aibu mpaka masikio yakamchemka. Miaka yote alifundisha ukweli, na ulipomfika mlangoni alitaka kumwambia arudi keshokutwa. Akainuka, akajaza kikapu mikate, akaenda kwa muuza kuku, wakabadilishana mikate kwa njiwa.

Asubuhi yake wakafika kwa Mzee Nufaili, njiwa akiwa kikapuni chini ya kitambaa. Wakamkuta barazani na wageni saba, katika kisa chake amefika pale ndege anapolia machozi. Kitambaa kikatikisika. Sauti ikatoka kikapuni. Mgeni mmoja akakifunua, akaona manyoya ya miguuni, akapiga ukelele: "Allahu Akbar! Hajiya amerudi!"

Basi patashika! Mmoja alilia, mwingine akambusu njiwa bawa, wa tatu akamuuliza habari za Madina. Mzee Nufaili alisimama katikati yao, mdomo wazi, na furaha iliyomjaa ilikuwa ya kweli kabisa. Bi Hunaida naye akajisemea moyoni kwamba njiwa amerudi, mwenyewe amepokea, watu wamefurahi, na mwenye kutafuta zaidi ya hapo ni mchokozi. Akamvuta Dhakwani kanzu. Dhakwani hakuvutika.

Alingoja mpaka wageni wakaondoka, maana alikwisha kufundishwa pia kumsitiri mtu, kisha akapiga magoti uani. "Shekhe wangu, njiwa huyu hakwenda popote. Nilimwiba mimi, nikampeleka mtaa wa pili. Naomba radhi yako."

Mzee Nufaili akatazama mlangoni.

"Umemwambia nani?"

"Wewe na Bibi tu."

"Nimekusamehe. Kesho nitakushuhudia. Na habari hii iishie hapa uani."

Siku ya arubaini baraza ya Kadhi ilifurika, kwa kuwa mtaa mzima ulitaka kumwona mwenye njiwa aliyehiji. Askari wa gereza alisimama pembeni na funguo zake. Mwadhini akashuhudia kwamba Dhakwani hakukosa sala ya jamaa. Kisha akaitwa Mzee Nufaili.

"Nashuhudia kwamba kijana huyu ni mwema," akasema.

"Kwa dalili gani?" akauliza Kadhi.

"Ana adabu."

"Hata paka wangu ana adabu akishiba. Nataka jambo ulilolishuhudia mwenyewe. Ukiwa huna, ushahidi wako siupokei."

Mzee Nufaili akamtazama Kadhi, akawatazama wale wageni saba waliokaa mbele, akamtazama askari aliyekwisha kusogea hatua moja. Bi Hunaida alikuwa amefumba macho, midomo ikicheza kwa dua.  Dhakwani angeweza kujiokoa kwa sentensi moja, lakini siri ya mzee ilikuwa amana kwake, akaifungia kinywani na kumnyooshea askari mikono yake.

Mzee aliiona ile mikono. Akavua kilemba, akajifuta jasho.

"Ewe Kadhi," akasema, "kijana huyu aliniletea njiwa wangu ambaye yeye mwenyewe aliniibia, nami sikuwa nimemtilia kijana shaka hata kidogo. Watu walikwisha kuamini ametoka Makka, na lau angenyamaza angetoka hapa huru na mimi ningebaki walii. Akaniambia ukweli, akijua ushahidi wangu ndio ufunguo wake. Jana nzima na leo amenisitiri. Njiwa wangu hakuhiji. Alikuwa kwa muuza kuku, anaatamia."

Baraza ilicheka mpaka askari akaangusha funguo. Mgeni aliyebusu bawa alijifuta mdomo. Kadhi naye alificha uso katika joho lake, na alipoutoa macho yalikuwa yamelowa. Akasema, "Nimeupokea ushahidi. Nenda mwanangu, u huru."

Bi Hunaida alilia mbele za watu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu alipomzika mwanawe.

Kesho yake alfajiri, vijana wakianza kukanda, mlango ulibishwa. Mzee Nufaili aliingia, mikono ya kanzu ameikunja mpaka kwenye viwiko.

"Bi Hunaida, nyumba hii inapokea vijana tu?"

"Una umri gani, Mzee wangu?"

"Sabini na miwili."

"Na una mangapi ya kurudisha kwa watu?"

Mzee akainama. "Siku arubaini hazitoshi."

Bi Hunaida akamgeukia Dhakwani. "Mpishe mzee hapo, na umwoneshe unga unavyokandwa."

Enyi wapenzi wa Mwenyezi Mungu, kijana aliyepotea tukimshika mkono tusijione sisi tumekwisha kufika. Tumpe kazi, tumpe chakula, tumwambie kweli, na siku atakapotuambia kweli na sisi tusitafute pa kujificha. Mola atujaalie tuwe miongoni mwa wanaorudisha haki za watu wakiwa bado hai.