Fisi Alipogeuzwa Basi

Niwapakulie ngano?
Pakua.
Iliyochekechwa au yenye chenga?
Na chenga zake.
Bismillahi. Sogeeni, basi, mwenye usingizi amwegemee mwenzake.

Hapo kale Bi Sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu, alikuwa mwalimu wa chekechea porini. Wanafunzi wake walikuwa vifaranga sita wa Kanga, mtoto mmoja wa Digidigi, na mtoto mmoja wa Pelele, yule pimbi wa miambani, asiyejua kutulia. Utaratibu wao ulikuwa huu: kwanza kucheza, halafu kunawa, halafu dua, halafu uji.

Lakini siku tatu mfululizo uji ulipoiva, Fisi alikuja, tii, tii, tii, akaumaliza wote, gugu, gugu, gugu. Watoto wakabaki wamelaza vichwa. Na mtoto mwenye njaa, hata umwimbie vipi, haimbi.

Siku ya nne Bi Sange akamngoja mlangoni.

"Shikamoo, Mzee Fisi."

"Marahaba. Chungu kiko wapi?"

"Kipo jikoni. Ila watoto bado wanasoma."

Fisi akachungulia. "Kusoma gani huku? Wanacheza tu."

"Ndiyo kusoma kwao, mzee wangu. Kazi nzito hiyo. Wewe huiwezi."

"Mimi? Navunja mfupa wa nyati kwa jino moja, nishindwe na mchezo?"

"Haya, cheza nao. Mchezo ukiisha, uji ni wako kila siku. Ukiacha kabla haujaisha, usikanyage hapa tena."

"Na nani atasema umeisha?"

"Watoto."

Fisi akacheka mpaka akakalia mkia wake. "Hawa? Watachoka kabla sijaanza. Naapa."

Pelele akamtazama kuanzia masikio hadi kwato, akakuta hana kwato. "Wewe ni basi," akasema.

Wakapanda. Fisi akazunguka uwanja, vuu, vuu, pii pii. Wakashuka, wakahesabu abiria: mmoja, wawili, watatu, hadi saba.

"Kuna aliyesahaulika?" akauliza Bi Sange.

Wakatafuta. Kifaranga mmoja alikuwa bado ananing'inia kwenye sikio la Fisi. Wakahesabu upya, wakapata wanane.

"Umeisha?" akauliza Fisi.

"Bado. Tena."

Fisi akazunguka, vuu, vuu, pii pii. Digidigi akataka udereva, Pelele naye akautaka. Wakavutana, wakanuna, wakapangiana zamu.

"Umeisha?"

"Bado. Tena."

Fisi akazunguka. Vuu ikawa hah, pii ikawa hii.

"Kwa nini basi lina madoa?" akauliza Digidigi.

"Nimezaliwa nayo."

"Kwa nini umezaliwa nayo?"

"Mungu ndiye ajuaye."

"Kwa nini hujamuuliza?"

"Umeisha?" akanong'ona.

"Bado. Tena."

Jua likafika utosini. Magoti ya nyuma yakakunjika. "Bi Sange, mwalimu wangu, niombee kwa hawa."

"Mzee, nawaombea kila asubuhi. Ndivyo walivyo."

Fisi akawatua taratibu, mmoja mmoja, kisha akajikokota kuelekea kichakani.

"Wewe basi, rudi," wakamwita. "Abiria tumebaki."

Hakurudi siku ile wala nyingine. Na mgongo wake umeinama kwa nyuma mpaka leo, pale walipokaa kina Kanga.

Watoto wakanawa, wakaomba dua, wakanywa uji, fyuu, fyuu, mpaka Pelele akasinzia na kikombe mdomoni.

Funzo lake, wazazi wenzangu, ni kwamba mchezo hauna faida. Msiwaache wadogo wacheze. Fisi alicheza asubuhi nzima, hakuambulia hata ukoko. Marehemu mume wangu, Mola amrehemu, hadithi ikifika hapa alikuwa akiitikia kwamba ni kweli tupu, huku mjukuu amempanda mgongoni.

Nimekomba chungu, nimekifunika. Nendeni mkanawe.

Bado. Tena.