Miguu Inafika Chini?

Kulikuwa na mwinjilisti mmoja mfupi. Msiniulize wa usharika gani, na wale mnaotazamana pale nyuma, acheni. Alikuwa mfupi tu, kama Mungu alivyopenda, na kichwa chake kilikuwa kimeanza kuota mvi. Kazi yake ilikuwa kuwatembelea wagonjwa na wazee wasioweza tena kufika kanisani, awasomee neno na kuomba nao. Huko kwao ni milima mitupu. Ukishuka mlima mmoja unapandishwa mwingine, naye alitembea kwa miguu miaka yote, mvua na jua.

Washarika wakamhurumia. Wakasema, tumnunulie pikipiki. Mnajua tunavyofanya: ibada ikiisha, mnada nje ya kanisa. Mikungu ya ndizi ikauzwa, mayai, maboga. Mjane mmoja alileta kuku wake wa pekee, akaondoka mikono mitupu huku akitabasamu. Walimpenda mtu wao, na hilo msilisahau, maana mfano huu hauna mtu mbaya.

Mwinjilisti akaanza kujifunza kuendesha kwenye uwanja wa mpira, kwa kipikipiki cha kuazima. Alipoweza kuondoka bila kuzima, mwenyekiti wa baraza la wazee akaenda naye mjini kuchagua.

Dukani zilikuwa zimepangwa mstari. Mwinjilisti akazipita zote, akaenda kwenye moja ndogo iliyokuwa mwishoni. Akapanda. Nyayo zote mbili zikatua sakafuni, visigino na vyote, na uso wake ukawa uso wa mtu aliyefika nyumbani.

"Hii inanitosha," akasema.

Mwenyekiti akaitazama kwa huzuni. "Mwinjilisti, usitutie aibu. Hii ni ya kuendea dukani kununua chumvi. Wenzetu wa mtaa wa ng'ambo wamempa mwinjilisti wao pikipiki kubwa, ikiwashwa huko tunaisikia huku. Sisi tuonekane hatukumjali mtu wetu?"

Akamwonyesha nyingine, ndefu, yenye tangi kubwa linalong'aa. Mwinjilisti akapanda kwa kushikwa mkono. Vidole vya miguu viligusa sakafu kwa shida, visigino vikabaki hewani.

"Naona kama iko juu kidogo," akasema taratibu.

"Utaizoea. Kwani sare ya shule hununuliwaje? Hununuliwa kubwa, mtoto akakua nayo."

Muuzaji akacheka, na mwinjilisti naye akacheka. Na sisi tungecheka, kwa sababu ni nani hapa hakuvaa kaptula iliyofungwa kwa kamba, akaambiwa utakua nayo?

Basi ikanunuliwa ile kubwa. Ikaletwa mbele ya kanisa imefungwa kitenge, nailoni ya dukani haijatolewa kwenye kiti. Ikaombewa, vigelegele vikapigwa. Na yule mjane wa kuku akaja kuishika taa kwa kiganja, kama unavyomshika mtoto shavu. Sasa niambieni, mwinjilisti angefungua kinywa kusema nini? Mtu aliyekupa kuku wake wa pekee, unamwambiaje kwamba zawadi haikutoshi?

Akashukuru, na shida ikaanza hapo. Njia ikiwa tambarare alikwenda vizuri. Lakini mwendeshaji mgeni husimama mara nyingi: mbuzi amekatiza, tope limetokea, gia imekataa. Na ukisimama, mguu unatafuta ardhi. Wake uliitafuta ukakuta hewa, naye akaanguka, pikipiki ikamlalia. Akaanguka tena siku nyingine. Mwishowe akawa kila penye mteremko anashuka na kuisukuma, na kwa kuwa kwao ni milima mitupu, alisukuma karibu njia yote. Watu wakimuuliza, "Mwinjilisti, petroli imeisha?" anajibu, "Inapumzika." Akawa anachelewa kuliko zamani alipotembea, maana zamani alibeba kitabu chake tu.

Ng'ambo ya bonde aliishi bibi mmoja mgonjwa, mama mzazi wa yule mwenyekiti. Macho yake yalikwisha zamani, masikio yakabaki. Kila Jumatano mwinjilisti humsomea. Siku moja bibi amekaa barazani akisubiri tangu asubuhi, jua likawa limeshapita utosini, ndipo akasikia magurudumu yakiingia uani.

"Mwanangu aliniambia pikipiki yako inanguruma," bibi akasema. "Mbona mimi nasikia magurudumu tu, na mtu anahema?"

"Imepata hitilafu kidogo, mama."

"Jumatano iliyopita pia ulisema hitilafu."

Mwinjilisti akakaa. Bibi akanyoosha mkono kumsalimu, mkono ukatua gotini pake, ukakuta suruali imechanika na pamelowa damu. Akauacha mkono pale pale. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, miguu yako inafika chini?"

Lisikieni swali hilo. Usharika mzima uliimba, ukaomba, ukapiga vigelegele, wala hakuna aliyeliuliza. Aliliuliza mtu asiyeona.

Mwinjilisti akalia. "Haifiki, mama," akasema.

Jumapili mwenyekiti alipokwenda kumwona mama yake, na sukari mkononi, mama hakuipokea sukari.

"Ulipoanza shule nilikununulia sare kubwa. Unakumbuka?"

"Nakumbuka, mama. Ulinikunjia mikono ya shati mara mbili."

"Nilijua utakua. Sasa huyu mwinjilisti wenu mwenye mvi, mnasubiri akue lini?"

Mwenyekiti akaanza kucheka. Mama hakucheka.

"Mimi kufa siogopi," akasema. "Naogopa kufa Jumatano, namsubiri, na yeye bado yuko njiani anasukuma zawadi yenu."

Ndugu zangu, yule mwenyekiti hakungoja Jumapili nyingine. Kesho yake akampakia mwinjilisti kwenye ile kubwa, wakarudi dukani kubadilisha. Ile ndogo ilikuwa bado mwishoni mwa mstari. Mwinjilisti akapanda.

"Inafika?" mwenyekiti akauliza.

"Inafika."

Lakini mwenyekiti hakuridhika na jibu. Mzee wa kanisa, suti yake ya Jumapili mwilini, akapiga magoti kwenye sakafu yenye oili. Akajaribu kupitisha kiganja chini ya kisigino cha mwinjilisti, kisigino cha kushoto, kisha cha kulia. Muuzaji akasema, "Mzee, utachafua suruali." Akajibu, "Acha nione mwenyewe." Kiganja hakikupita. Hapo ndipo akainuka.

Jumatano iliyofuata bibi alisikia kitu kinakuja bondeni kikilia kama cherehani. Jua lilikuwa bado la asubuhi.

Wapendwa, sisi tunajua kutoa. Lakini mara nyingi tunampima jirani, tunapima wenzetu wa ng'ambo watasemaje, halafu anayepewa tunamwambia utaizoea. Tumewapa watoto wetu masomo yaliyotimiza ndoto zetu sisi. Tumewafanyia vijana harusi ambazo mpaka leo wanazisukuma mlimani. Na kwa kuwa wanatupenda, wakiulizwa wanasema inapumzika.

Yuko Mmoja ambaye angeweza kutupenda akiwa amesimama. Akavua vazi, akajifunga kitambaa, akainama mpaka miguuni pa rafiki zake. Ukitaka kujua upendo una kimo gani, utazame ukiwa umepiga magoti.

Leo ukifika nyumbani, kabla hamjala, mtafute yule uliyempa zawadi kubwa. Mwulize, miguu inafika chini? Atakuambia inafika. Usikubali. Inama uangalie mwenyewe.