Kiti Kilichofungwa kwa Njiti za Kiberiti

Isome hii taratibu, hasa kama kuna mtu umemnunia leo. Ukimaliza, mtumie na yeye.

Katika kisiwa kimoja cha ziwani palikuwa na fundi boti aitwaye Masatu. Kazi yake ilikuwa safi, lakini hasira zake, Mungu wangu! Ukimpelekea boti ukathubutu kumwambia "fanya haraka haraka," anakurudishia boti yako pale pale, na maneno juu. Watu walimvumilia kwa sababu boti iliyotoka mkononi mwake haikuwahi kuvuja.

Kisiwa kile hakikuwa na hospitali. Mgonjwa akizidiwa alivushwa kwa mtumbwi wa makasia, saa nne nzima, na wengine walifika ng'ambo wameshakata roho. Wananchi wakajinyima miaka mitatu, wakanunua boti ya faiba yenye injini, ya kubebea wagonjwa.

Boti ilikuja na kila kitu isipokuwa kiti cha nahodha. Hicho kililetwa peke yake ndani ya boksi. Kilikuwa kiti kirefu cha mguu mmoja wa chuma, kama kile cha kinyozi, ili nahodha akae juu na kuona mawe na nyavu zilizoko mbele. Masatu akaitwa akifunge.

Alikagua sakafu juu na chini. Akatoboa matundu manne makubwa ya bolti, akafuta jasho, akamwita mwenyekiti wa kamati ya boti, Bwana Kaswamila.

"Mwenyekiti, sakafu hii ni plaiwudi nyembamba. Lazima niikate kidogo hapa pembeni, nipitishe bamba la chuma kwa chini, bolti zishuke mpaka kwenye lile bamba na nati zikazwe huko huko. Nipe siku mbili."

"Siku mbili! Fundi, leo Alhamisi. Jumamosi wageni wanakuja kuzindua. Halafu unataka kunikatia sakafu mpya inayong'aa namna hii?"

"Kiti cha mguu mmoja si kochi. Uzito wote wa mtu uko kwenye mguu ule. Boti ikikata kona, mguu unageuka mtaimbo, unang'oa sakafu."

"Kwani skrubu zimeisha madukani?"

"Skrubu ni za kabati!"

Walikuwepo watu kama ishirini wakishangaa boti yao mpya. Kaswamila akawageukia, akacheka.

"Jamani, mzee wetu amechoka. Mikono inamtetemeka, sasa anatafuta visingizio."

Watu wakacheka. Masatu akaitupa spana chini ikadunda, na mishipa ya shingo ikamsimama.

"Basi mtafute ambaye mikono haimtetemeki! Na msiniite tena!"

Akaondoka anahema. Hata drili yake aliisahau mle ndani ya boti. Mpaka hapo mimi simlaumu hata kidogo. Utukanwe mbele za watu, tena kwa kazi unayoijua kuliko wote waliosimama pale, nani asingewaka?

Kaswamila hakupoteza muda. Alimwita shemeji yake, Chiguma, fundi wa makochi. Chiguma ni mtu wa watu, na makochi yake yamejaa kisiwa kizima. Alipofika akakuta matundu manne makubwa, kila skrubu anayoijaribu inatumbukia. Akafanya kile anachofanya siku zote mguu wa kochi unapolegea: akachomeka njiti za kiberiti kwenye tundu, akamimina gundi, akakaza skrubu juu yake. Kisha akatandika zulia jekundu kufunika. Akakitikisa kiti kwa mkono, hakikucheza. Kwa kochi, kazi ile ingetosha kabisa.

Ijumaa mchana Masatu akakumbuka drili yake. Alikuta boti imefungwa ufukweni, hakuna mtu. Akapanda. Akakiona kiti kimesimama wima, kimesuguliwa kwa kitambaa mpaka kinang'aa, na roho ikamuuma. Akalifunua zulia.

Aliziona njiti. Nyingine zilikuwa bado na vichwa vyake vyekundu, zimechungulia pembeni mwa skrubu, ndani ya matundu aliyoyatoboa yeye kwa mkono wake. Masatu alicheka mpaka akakaa chini. Alikwisha kusikia kwamba atakayekikalia kiti kile wakati wa uzinduzi ni Kaswamila mwenyewe, apigwe picha, awapungie watu mkono.

"Kaa, Kaswamila," akasema peke yake. "Kaa vizuri kabisa. Kesho utajua mikono ya nani inatetemeka."

Akalirudisha zulia, akalinyoosha kwa kiganja lisionekane limeguswa. Akachukua drili yake, akaenda zake.

Jumamosi alivaa shati lake la harusi za watu, akawahi ufukweni, akasimama mbele kabisa. Hakutaka kukosa. Kaswamila alikuja na suti, wageni nyuma yake. Alipomwona tu akapaza sauti.

"Aaa, fundi wa siku mbili naye kaja! Karibu uone kazi ya asubuhi moja!"

Vicheko vikapasuka. Masatu alikaza meno. Cheka, alisema moyoni, cheka sana, muda wako ni mfupi.

Kaswamila akainua mguu apande. Wimbi moja likagonga ubavu wa boti, likaruka, likamlowesha kiatu. Akarudi nyuma upesi, akajifanya anatengeneza tai.

"Nahodha! Izungushe kwanza peke yako, wageni waone mbio zake. Mimi nitapanda ukirudi."

Nahodha aliitwa Mafuru, baba wa watoto watatu, mpole, wa kuheshimu kila mtu. Wiki nzima alikuwa ng'ambo akifundishwa ile injini, na ugomvi wa Alhamisi hakuusikia. Akapenya katikati ya watu, na alipomfikia Masatu akasimama, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Shikamoo fundi. Kule ng'ambo niliambiwa kazi ya kufunga kiti umepewa wewe. Nikasema kama ni mkono wa Masatu, nitaikimbiza bila wasiwasi."

Masatu alifungua mdomo. Maneno yalikuwa hapa, kwenye koo: usikikalie kiti kile. Lakini Kaswamila alikuwa hatua mbili tu kutoka pale, anamtazama na lile tabasamu lake. Akisema sasa, watadai ana wivu. Watamcheka tena. Atazunguka polepole tu, Masatu akajiambia. Akirudi nitamwambia.

"Marahaba," akasema.

Marahaba! Mdomo uliogombeza kisiwa kizima miaka thelathini, uliofukuza wateja, uliotukana mpaka mvua ikichelewa, siku ile ulikosa maneno matatu. Ninavyoandika hapa nakasirika upya.

Mafuru akapanda, akakaa, akawasha injini. Boti ikatoka kwa kishindo, wanawake wakapiga vigelegele. Kiti kilikuwa kimetulia. Boti ilikuwa imeshafika mbali Masatu aliposhtuka kama mtu aliyemwagiwa maji, akaingia ziwani na viatu vyake, anapunga mikono.

"Mafuru! Shuka kwenye kiti! Simama!"

Injini ilimeza sauti yake. Watu walidhani anashangilia, wakashangilia naye.

Mafuru akakata kona ili wageni waone. Kiti kikang'oka kizima, mguu na zulia na yeye juu yake, vikarushwa majini. Boti haikuwa tena na mtu. Ikaendelea kuzunguka kwa kasi ile ile, na mzunguko wa pili ikampitia juu. Pangaboi la injini lilimkuta mguu wa kushoto. Kisha boti ikaenda kujigonga mwambani, ikapasuka tumbo, miaka mitatu ya kujinyima ikazama watu wakitazama.

Mafuru alivushwa kwa mtumbwi wa makasia. Saa nne nzima. Alifika akiwa hai, lakini mguu ulioharibiwa na pangaboi ulikatwa huko hospitali.

Kisiwa kikawaka. Vijana walitaka kumchomea Chiguma nyumba, wazee wakawazuia. Kaswamila alijifungia ndani siku tatu. Na karakana ya Masatu ikajaa watu.

"Fundi, ulisema! Sisi wenyewe tulikusikia!"

"Laiti tungekusikiliza, fundi wetu!"

Masatu akawaeleza habari ya bamba la chuma. Akawaeleza tena waliochelewa. Mara ya tatu aliichora kwa chaki ukutani, bolti zinashukaje, nati zinakazwa wapi. Na Mungu amsamehe, alijisikia vizuri. Watu wakawa wanamletea chai.

Siku ya nane akaja Nyanjura, mke wa Mafuru, ametoka hospitali moja kwa moja, macho yamevimba. Watu wakampisha.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Pole sana. Mimi nilisema, niliwaambia kabisa..."

"Nimesikia ulisema Alhamisi. Alhamisi mume wangu hakuwepo." Aliongea polepole, kila neno limepoa, na ubaridi ule ulitisha kuliko kelele. "Jumamosi alikuwepo. Alikusalimia. Mimi nilikuwa nyuma yake, nimebeba mtoto. Wakati ule, baba, ulikuwa unajua kile kiti kimefungwa kwa kitu gani?"

Hakuna aliyemwona Masatu siku ile ya Ijumaa. Angeweza kusema hapana, na mambo yangeishia pale.

"Nilijua," akasema. "Ijumaa nililifunua zulia."

"Ukaziona njiti."

"Nikaziona."

"Ukalirudisha zulia."

Masatu akageukia ile michoro yake ukutani.

"Chiguma alikuja hospitali," Nyanjura akasema. "Alipiga magoti akalia. Nimemsamehe, yeye ni wa makochi, hakujua. Mwenyekiti naye aliniletea machungwa na hotuba. Nina hasira naye mpaka kesho, lakini naye hakujua, ni mjinga mwenye sauti kubwa. Kisiwa chote hiki, baba, aliyejua alikuwa mtu mmoja."

"Nilidhani atakaa Kaswamila!" Masatu akapiga kelele. "Haki ya Mungu, mwanangu, Mafuru sikumtakia baya! Nilidhani atakaa Kaswamila!"

Alipomaliza kusema akajisikia mwenyewe. Na wote mle ndani walimsikia. Mmoja aliyekuwa ameshika kikombe cha chai alikiweka chini.

Nyanjura akageukia mlango.

"Kaswamila naye ana watoto, baba," akasema. Akafunga khanga yake vizuri, akatoka.

Watu wakaondoka mmoja mmoja, hakuna aliyeaga. Masatu alibaki na ile michoro yake ukutani, bolti na nati na bamba, sahihi kabisa, kila kitu mahali pake. Hasira ilimpanda kama siku zote, ila safari hii aliitafutia mtu wa kumtupia akajikuta amebaki yeye tu.

Jumatatu iliyofuata kamati ya boti ilikaa bila mwenyekiti wake, kuandika majina ya waliosababisha ajali. Karani aliandika la Kaswamila, aliyekataa ushauri. Akaandika la Chiguma, aliyefunga kiti. Kisha akamwita Masatu atoe ushahidi dhidi yao.

Masatu alisimama. Mikono ilikuwa ikimtetemeka kweli sasa, na hakuificha.

"Kabla sijasema lolote, andika na jina langu."

"La nini, fundi?" karani akashangaa, maana yaliyosemwa karakana yalikuwa hayajamfikia. "Wewe si ndiye uliyekataa?"

"Niliwaacha wafunge vibaya, nikaja nikaona, nikafunika. Andika."

Karani akainamia daftari, akalitia jina lake mstari wa tatu, chini ya yale mawili.

"Siyo hapo," Masatu akasema. "Liweke la kwanza."

Funzo: Ukiijua hatari ukanyamaza ili uliyemkasirikia aumie, umeitega wewe, na mtego haujui umemkasirikia nani, humnasa yeyote atakayekuja kukaa.