Bushi Isiyokwaruzika

Ndugu zangu, palikuwa na mzee mmoja mwenye mashine ya kusaga, ile ya zamani inayozungushwa kwa mkanda mrefu. Nyumba nzima ilikula kwa mashine hiyo, na shafti yake, ile nondo nene inayozunguka katikati, ilikuwa ya aina isiyouzwa tena mahali popote. Mzee alijua. Kila asubuhi aliigusa shafti kama mtu anayempima mtoto homa.

Kilichomuudhi ni bushi, kile kipande cha mviringo ambacho shafti huzunguka ndani yake. Bushi ilikuwa ya chuma laini cheupe, na kila mwaka ililika. Siku moja akaikwaruza kwa ukucha, alama ikabaki. Akamwita fundi.

"Wewe, umeniuzia chuma au ugali?"

"Mzee, ulaini ndiyo kazi yake," fundi akajibu. "Mchanga ukiingia unazama humo. Mafuta yakipungua, bushi ndiyo inayoumia, na shafti inabaki salama."

"Kwa hiyo kila mwaka ninunue kitu cha kuumia?"

"Kila mwaka, mzee wangu."

"Nyumbani kwangu hatulei walegevu."

Akaenda kwa mchonga vyuma mjini, akachongewa bushi ya chuma cha ekseli ya lori. Akaijaribu kwa ukucha, ukucha ukavunjika. Akafurahi sana. Alirudi kijijini akiwaonyesha watu kile kidole kama cheti.

Jumamosi akina mama walipanga foleni na madebe yao. Mzee akawasha mashine mwenyewe. Mwanzo ilivuma vizuri. Baadaye ikaanza kupiga yowe, kuku wakakimbilia kwa jirani, na mama mmoja akasema, "Baba, mashine yako leo inalia kama imefiwa. Nani amekufa?"

"Inazoea," mzee akasema. Akaongeza mafuta. Moshi ukatoka, mkanda ukachomoka, mashine ikasimama. Yule mama akajitwika debe lake. "Basi tutarudi arobaini."

Fundi akaja, akafungua, akachungulia kwa muda mrefu. Mzee akashindwa kuvumilia.

"Bushi imevunjika?"

"Hapana, mzee. Bushi ni nzima kabisa, haina hata mkwaruzo." Akaiweka mkononi mwa mzee. "Shafti ndiyo marehemu. Imechimbika pande zote."

Mzee akakaa juu ya gunia na bushi yake inayong'aa. Alikuwa ameshinda, na hakuwa na cha kusagia.

Sasa nawauliza, ni nani kati yetu amewahi kutoka kwenye ugomvi wa nyumbani bila mkwaruzo? Msinyooshe mikono, mimi nitanyoosha wangu. Jumanne nilibishana na mke wangu juu ya ufunguo wa kabati, eti kaupoteza yeye. Nilikuwa na hoja, na sauti nilikuwa nayo. Nilitoka mzima kabisa. Tangu siku hiyo napewa chakula, namshukuru Mungu, ila hakuna neno linaloambatana nacho.

Sisi tunaogopa mno kulika, ndugu zangu. Tunataka kila alama ibaki kwa mwenzetu, wakati mwenzetu ndiye shafti, na wa kufanana naye hauzwi popote. Bwana atulainishe kabla hatujauona ule moshi.

Mniombee na mimi. Tukitoka hapa naenda nyumbani kukwaruzwa. Ufunguo nimeuona asubuhi hii, mfukoni mwa koti hili hili.