Antena Iliyobaki Kikombeni

"Sauti ya mezani haifiki mawinguni." Bi Chiku alipowatamkia vijana wa mwaka wa kwanza maneno hayo katika maabara ya roketi chuoni, walimzunguka wakitaka kujua yalikotoka. Akavuta kigoda, akawaambia yalizaliwa katika maabara hiyohiyo, enzi za usichana wake, alipokuwa mwoga hata wa kuitika jina.

Kila asubuhi Chiku na mwenzake Kalebi walijaribu redio ndogo ya roketi yao, ile iliyotuma chini habari za kimo chake na mahali ilipo. Meza ilikuwa finyu, viwiko viliigonga antena, hivyo wakazoea kuichomoa na kuitia katika kikombe cha chai. Kipokezi cha kunasa habari hizo kilikuwa shubiri moja tu pembeni; kwa ukaribu huo kililia vilevile hata bila antena.

Asubuhi moja Mzee Lusinde, fundi wa maabara, aliingia mbio. "Upepo umetulia! Pakieni, tunarusha leo!"

Uwandani Chiku aliona tundu la antena li wazi. "Kalebi," alinong'ona, "antena..."

"Si kinalia hicho? Sikiliza!"

Kweli kipokezi kililia, maana kilikuwa miguuni pa roketi. Chiku hakuthubutu kurudia.

Roketi ikapaa. Kipokezi kikalia mara tatu, kikanyamaza. Siku nne walipekua vichaka, wasione hata uzi wa parachuti. Chiku aliitoa antena kikombeni, akaificha mkobani. Kalebi, aliyeunga nyaya kwa mikono yake, akasema hafai, ataacha masomo.

Mzee Lusinde alimbembeleza wajenge nyingine. Safari hii, katika kuijaribu redio, aliwatenganisha: Kalebi kilimani na roketi, Chiku bondeni na kipokezi, wakizungumza kwa redio za mkononi.

"Chiku, unaipata?"

"Ninaipata."

"Afadhali. Ile ya kwanza niliiua mwenyewe. Nikimaliza hii, naenda zangu nyumbani."

Chiku alibonyeza kitufe, akakiachia, akakibonyeza tena.

"Hukuiua, Kalebi! Antena ilibaki kikombeni. Niliona, nikanong'ona, ukanikatiza, nikaogopa. Ninayo mkobani hadi leo. Usiondoke. Nisamehe!"

Kutoka kilimani Kalebi akafoka:

"Wewe binti! Miezi mitano sipati usingizi!" Kisha, taratibu: "Leo nimekusikia. Naja huko chini, nichemshie chai."

Mzee Lusinde, aliyesimama kando ya Chiku, akafuta macho kwa kofia yake.

"Umeona, mwanangu? Mnong'ono wako ule, kama redio isiyo na antena, uliishia palepale. Sauti ya mezani haifiki mawinguni."